Nina mkopo wa nyumba wa pamoja na kakangu, naweza kuchukua wa pili na mume wangu?

Binti_Kisauni

Salaam aleikum na hamjambo nyote. N'na jambo limeninyima usingizi wiki ya pili hii, naomba mwenye kujua anielekeze tafadhali.

2017 mie na kakangu tulichukua mkopo wa nyumba kwa jina letu sote wawili, flati ya vyumba viwili huko Bamburi. Tulimnunulia mama, maanake tangu baba afariki alikuwa ahamahama tu, kila mwaka mwenye nyumba akipandisha kodi yeye afunga virago. Mkopo ulikuwa milioni 4.2 miaka 15, kila mwezi yakatwa 53,000 na kitu, nusu yatoka kwangu nusu kwa kakangu, na alhamdulillahi hata mwezi mmoja hatujaruka. Deni lililobaki ni kama milioni 2.9. Wakati ule sikuwa nimeolewa na kakangu alikuwa hapa hapa Mombasa, sasa yuko Qatar mwaka wa nne.

Sasa n'na mume na watoto wawili, twapanga Kisauni, na tumechoka. Tumepata nyumba Kiembeni, ya vyumba vitatu na ina kiuwanja, bei milioni 6.5. Dipoziti ya 20% tunayo, yaani 1.3, tumeiweka kidogo kidogo mpaka imefika. Tutakopa 5.2. Benki tuliyoenda kuuliza walituambia kwa 14% miaka 20 itakuwa kama 64,700 kwa mwezi. Mie mkononi napata 102,000 (niko kampuni ya klieringi) na mume wangu 78,000, jumla 180,000. Nikapiga hesabu, nusu yangu ya flati 26,500 ukijumlisha na 64,700 yaja 91,200, hiyo ni nusu ya mapato yetu kwa hiyo nikaona twaweza kupenya.

Jana shoga yangu aliyefanya kazi benki akaniambia hawatahesabu nusu, watahesabu yote. Ni kweli jamani? Mbona mie nalipa nusu na risiti ninazo.

Kisha kuna mtu mwingine ametushauri tukope juu ya ile flati ya mama badala ya kutafuta dipoziti kubwa, kwa sababu imepanda, mthamini alikisia milioni 7. Moyo wangu wakataa lakini sitaki kukataa kitu kwa kutojua. Na je kakangu lazima aingizwe kwenye haya? Si kwamba namficha, ni kwamba nae ana mizigo yake huko na sitaki aone namgeuzia kibao.

Kaunta_Nne

Bibie shoga yako amekwambia kweli na bora umesikia kabla hujalipa ada ya mthamini na ya wakili. Mimi nilikaa idara ya mikopo kwenye benki moja hapa Moi Avenue miaka sita, nikwambie vile faili lako litasomwa.

Mkopo wa pamoja si mikopo miwili iliyogawanywa. Mlipotia saini mlikubali kila mmoja kudaiwa deni lote. Mkilipa nusu nusu hayo ni mapatano yenu nyinyi ndugu, benki haimo. Siku kakako akikosa kutuma, benki haitakupigia ikwambie wewe umeshatoa sehemu yako ahsante, itakudai 53,000 zote. Kwa hiyo afisa wa benki mpya akivuta ripoti yako ya CRB, yaani ofisi inayoweka rekodi za madeni ya watu, ataona 2.9 kwenye jina lako, na akivuta ya kakako ataona 2.9 ile ile kwenye jina lake pia. Si kwamba deni limekuwa mara mbili, ni kwamba kila mmoja wenu amelibeba zima.

Sasa chukua kalamu. Pale nilipokuwa, tulikuwa hatupitishi malipo ya madeni yote yakizidi nusu ya mapato ya mkononi, na benki nyingi ziko hapo hapo kwenye nusu, nyingine zinasogea kidogo kwa mteja wanayemjua. Nusu ya 180,000 ni 90,000. Toa 53,000 ya flati, inabaki 37,000. Kwa 14% miaka 20 kila milioni moja unayokopa inakula kama 12,400 kwa mwezi, kwa hiyo 37,000 inakupa mkopo usiofika hata milioni 3. Nyinyi mnataka 5.2. Hapo ndipo mtakataliwa, na si kwa sababu nyinyi wabaya.

Na kuna ile ya sheria ya kazi ya 2007, makato yote kwenye mshahara yasizidi theluthi mbili, mtu lazima abaki na theluthi moja. Mkilipa kwa kukatwa kazini hiyo nayo itaangaliwa, na siku hizi pesilipu imeshaliwa na kodi, SHIF ya afya 2.75%, ushuru wa nyumba 1.5%, NSSF ya uzeeni nayo imepanda, kabla hujagusa deni lolote.

Risiti zako usizitupe lakini. Kuna benki chache afisa akiona miezi 12 mfululizo pesa ya kakako inaingia kutoka kwa akaunti yake mwenyewe, na kakako akaandika barua na pesilipu yake ikawepo, wanaweza kukuhesabia nusu. Ni kwa hisani yao, si haki yako. Omba ukijua hivyo.

MamaWawili_Utange

Mdogo wangu nimesoma swali lako mara mbili na mikono inanitetemeka kuandika maanake mimi yalinipata.

Mimi na mtalaka wangu tulikopa pamoja 2014, nyumba Mikindani. Tukaachana 2019, talaka ilipita kwa kadhi vizuri tu, tukaandikiana kwamba nyumba yeye achukue na deni alilipe yeye, mimi nikatoka na watoto na vyombo vyangu. Nikajua yameisha. Hakuna aliyeniambia niende benki nikatolewe kwenye mkopo, na mimi sikuuliza, nilikuwa nataka tu kupumua.

2022 nikaenda kuomba mkopo mdogo nijenge Utange kwenye ploti yangu mwenyewe. Afisa akageuza kompyuta nione. Jina langu liko CRB, miezi minne haijalipwa, deni lote. Minne! Na mimi nilikuwa sijui, barua zilikuwa zinaenda kwa anwani ya Mikindani. Nikaenda kwa benki ile na karatasi ya talaka na ya makubaliano, wakaisoma wakanirudishia, wakasema hii ni baina yenu. Na walikuwa wasema kweli, ndiyo inayouma.

Ilinichukua mwaka na nusu. Ilibidi yeye apatikane, alipe malimbikizo, tuuze nyumba kwa haraka, benki ilipwe, jina langu lisafishwe. Ploti yangu ikaota magugu mpaka kiunoni.

Kakako si kama mtalaka wangu, nimeona hivyo kwa jinsi umemuongelea na Mungu amzidishie. Lakini Qatar ni kazi ya mkataba. Mkataba ukiisha leo na wewe umeshabeba wa pili utalipa 53,000 na 64,700 peke yako kwa mshahara wa laki moja na elfu mbili. Fanya hiyo hesabu ukiwa na mumeo mezani, iandike, msiisemee tu hewani.

Na vuta ripoti yako ya CRB wiki hii, kila mwaka una haki ya moja bila malipo. Usingoje afisa ndiye akuoneshe.

kijana_wa_feri

mbona mnajisumbua na benki, nunueni nyumba majengo ama kisauni ndani ndani, kwa 1.3 mkiongeza kidogo mwapata nyumba ya swahili nzima vyumba sita mwakaa viwili mwapangisha vinne, dada hata mkopo huhitaji

Kaunta_Nne

@kijana_wa_feri hizo nyingi zao ni nyumba bila ardhi. Anayeuza anauza kuta na mabati, ardhi ni ya mtu mwingine na kila mwezi unamlipa kodi ya ardhi. Watu wamekaa hivyo Mombasa vizazi na vizazi na sisemi ni vibaya, babu yangu nyumba yake ilikuwa hivyo. Lakini hakuna hati ya kuweka rehani, kwa hiyo siku ukitaka kuikopea huwezi, na mwenye ardhi akiuza kwa mwekezaji unaanza maneno upya. Kwa mtu mwenye watoto wadogo na 1.3 aliyoiokoteza kidogo kidogo nisingemwambia aiweke huko bila kujua mwenye ardhi ni nani na wanae wasemaje.

Wakili_wa_Pwani

Dada Binti, nimefanya kazi hizi za uhamisho na rehani Mombasa muda mrefu, niruhusu nijibu ile ya flati ya mama na ya kakako, kwa kuwa ndiyo ninayoiogopea.

Kabla ya yote kachukue nakala ya hati yenu usome mmeandikwaje. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inajua aina mbili za kumiliki pamoja. Moja ni nyote wawili mnamiliki kitu kizima bila hisa, mmoja akifa sehemu yake inahamia kwa aliyebaki moja kwa moja, haiendi kwa watoto. Nyingine kila mmoja ana hisa yake, tuseme nusu kwa nusu, na akifa hisa inaingia kwenye mirathi yake. Watu wengi wakinunua na ndugu hawaulizi, wakili wa benki anaandika ya kwanza kwa sababu ni nyepesi kwake. Wewe sasa una watoto wawili. Sheria hiyo hiyo inaruhusu ya kwanza kwa mke na mume tu, ndugu mpaka mahakama iwape ruhusa, la sivyo inahesabiwa kama ya hisa. Lakini kama mmeandikwa ya kwanza, leo ukifariki karatasi itasema flati yote ni ya kakako na wanao wataanza kwa kubishana nayo, hata kama umeilipa miaka minane. Inaweza kubadilishwa mkikubaliana wote wawili na ikasajiliwa, ila kwa kuwa kuna rehani juu yake benki lazima nayo iridhie.

Kwa aina zote mbili, kuiweka flati rehani tena bila kakako haiwezekani. Huna uwezo huo wa kisheria. Kwa hiyo swali lako kama lazima ajue, ndiyo, kwa njia hiyo lazima asaini, na akiwa Doha atasaini hati ya uwakala mbele ya ubalozi wetu kule kisha isajiliwe huku. Na benki ya kwanza nayo ikubali kama mkopo wa pili unatoka kwa benki nyingine, kwani rehani zinafuata foleni ya usajili, wa kwanza kulipwa nyumba ikiuzwa ni wa kwanza kusajiliwa. Wa pili anachukua kilichobaki, ndiyo maana riba yake huwa kali zaidi.

Sasa nakuomba ulisikie hili vizuri. Anayelala kwenye flati ile ni mama yako. Sheria ya Ardhi inasema nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mke au mume, na mahakama zimeshafuta rehani nyingi kwa sababu hiyo. Lakini mama si mke wala mume wa mmoja wenu. Idhini yake haitakiwi na mtu. Mkiweka rehani ya pili mkashindwa, yeye hana karatasi ya kumsimamisha dalali mlangoni. Kuna muda, ndiyo: ilani ya miezi mitatu mrekebishe, kisha ilani ya siku 40 ya kuuza, kisha siku 45 za dalali. Unaonekana muda mrefu ukisoma. Mimi nimekaa na familia ndani ya muda huo na nakwambia unakimbia.

Mtu aliyewashauri mkopee flati huenda hana nia mbaya, lakini milioni 7 ya mthamini haimlipi mama kodi akitolewa nje. Moyo wako ulikataa, na mimi nakubaliana nao kabisa.

Binti_Kisauni

Jamani shukran. MamaWawili nimelia kidogo, pole sana dadangu.

Nimetoa nakala ya hati leo mchana, nilikuwa nimeiweka kwa sanduku la mama. Wakili ni kama ulivyosema, tumeandikwa ile ya kwanza, haina hisa. Nilikuwa sijawahi hata kuisoma, nilisaini tu pale nilipooneshwa kidole.

Hivyo kukopea flati tumefuta, mume wangu amesema hata tusiizungumze tena. Lakini nyumba ya Kiembeni mwenyewe ametupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kuna njia yoyote ama ndio tumekaa? Kakangu akisema atachukua flati yote yeye, mie nikatoka, yawezekana? Na ile punguzo ya kodi ya riba ya nyumba, nitaipata kwa zote mbili?

Kaunta_Nne

Yawezekana, ila si kwa nyinyi wawili kukubaliana, ni benki ikubali. Wataanza upya kama anaomba mkopo wa 2.9 peke yake, waangalie mkataba wake wa Qatar umebaki muda gani, mshahara, taarifa za benki ya kule. Akifaa, wanakutoa wewe kwa maandishi. Usikubali maneno ya mdomo ya "tumekutoa", taka barua, kisha subiri mwezi mmoja miwili uvute CRB uone umetoka kweli. Ukitoka, 90,000 yenu yote iko huru na 64,700 inaingia bila wasiwasi.

Gharama zipo. Ukimhamishia nusu yako kuna ushuru wa stempu, kwa ardhi ya mjini ni 4% ya thamani inayohamishwa, nusu ya milioni 7 ni 3.5 kwa hiyo 140,000 hivi, na rehani mpya ikisajiliwa 0.1% ya mkopo, halafu wakili na mthamini. Kodi ya faida ya kuuza mali nayo ni 15% tangu 2023, hiyo muulize wakili kama inawagusa ndugu kwa ndugu maanake inategemea mnavyoihamisha. Na mwezi ujao ni karibu sana kwa kazi hii, sikufichi, mtu akiwa nje ya nchi karatasi zinachelewa.

Watu watakwambia urefushe mkopo wa flati ili makato yashuke. Ni kweli yatashuka, 2.9 ukiirudisha miaka 15 kwa 13% inakuwa 36,700 badala ya 53,000. Lakini zidisha. Sasa mmebakisha miaka 7, kama milioni 4.45 kutoka mfukoni. Ukirefusha ni milioni 6.6. Zaidi ya milioni mbili mmezitupa baharini ili mkopo wa Kiembeni uongezeke kama 1.3 tu. Mimi nisingefanya.

Ambayo ningefanya ni mbili. Kwanza mume wako kama ana pensheni ya kazini, tangu 2020 mwanachama anaruhusiwa kutoa mpaka 40% ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, isizidi milioni 7. Wengi hawajui. Inapunguza uzee wake sawa, lakini inapunguza mkopo papo hapo. Pili ulizeni mkopo wa riba ya chini ya 10% ule unaotokana na pesa za KMRC, kampuni inayozipa benki na sacco pesa za mikopo ya nyumba. KMRC yenyewe haikupi wewe, ni hizo benki na sacco zinazokupa, na ina ukomo na vigezo vyake kwa hiyo uliza mapema kama nyumba hii na nyinyi mnaingia. Kwa 9.5% ile 37,000 yenu inabeba karibu milioni 4 badala ya 3. Milioni 4 na dipoziti yenu 1.3 ni 5.3. Pengo la Kiembeni linabaki 1.2, si ndogo lakini ni kitu unaweza kukaa mezani ukakijadili na muuzaji na pensheni.

Kodi: punguzo la riba ni mpaka 360,000 kwa mwaka, lilikuwa 300,000 mpaka Desemba 2024. Ni kwa nyumba moja tu, na iwe ile unayoishi wewe. Flati anaishi mama. Kama umekuwa ukiidai kwa flati tangu uhamie Kisauni na mumeo, nenda kwa mtu wa kodi uliweke sawa kabla hujadai la Kiembeni.

Abu_Tudor

Assalaam aleikum. Nimesoma yote na mna elimu nzuri, ila naona haijatajwa njia ya bila riba na Mombasa tunazo hizo benki, Gulf African na nyinginezo. Wao hawakukopeshi pesa, mwanunua nyumba pamoja, tuseme nyinyi 20% wao 80%, kisha mwalipa kodi kwa ile sehemu yao na kila mwezi mwanunua kipande chao mpaka nyumba yote iwe yenu. Sisemi ni rahisi kwa bei, wakati mwingine malipo yanakaribiana na ya kawaida, na wao pia wanaangalia CRB na ile flati wataihesabu vile vile. Lakini moyo unatulia, na kwangu mimi hilo lilikuwa na uzito.

La pili kwa dada Binti ni la hati. Wakili amelitaja kwa sheria, mimi nalitaja kwa dini. Hati kuandikwa bila hisa na ndugu yako maana yake kwa karatasi mmoja wenu akifa mirathi yake imerukwa. Mama yenu yu hai, ana sudusi yake, moja ya sita, kwa mtoto wake aliyefariki akiwa na watoto, wanao wana fungu lao, mumeo ana robo. Karatasi ile inawapita wote. Mlifanya bila kujua na hakuna lawama, lakini sasa mwajua. Mimi na ndugu zangu tulikuwa na nyumba ya Tudor kwa mtindo huo huo, tukaibadilisha kuwa hisa akiwa hai kila mtu, na mdogo wetu alipofariki miaka mitatu baadaye wanawe walipata haki yao bila sisi kuhesabiana. Sitasahau vile mkewe alikaa kimya akishukuru.

MamaWawili_Utange

Abu Allah amrehemu ndugu yako.

Binti mimi nina swali moja tu ambalo naona umelizunguka tangu mwanzo. Umeshamuambia kakako?

Binti_Kisauni

Nilikuwa sijamuambia. Nimempigia jana usiku baada ya isha, tumeongea saa nzima na nusu.

Mwanzo alinyamaza nikajua ameudhika. Kumbe yeye pia alikuwa na lake, anataka kuoa mwakani na alikuwa aogopa kuniuliza kama ile flati itamzuia kukopa. Sote wawili twabebana na hakuna aliyesema. Nikamsomea alichoandika Kaunta_Nne kuhusu 2.9 kuwa kwa jina lake lote akasema subhanallah, yeye alikuwa adhani anadaiwa nusu kama mie.

Tumekubaliana hivi. Hatachukua flati peke yake sasa hivi kwa sababu mkataba wake umebaki miezi 14 na benki haitampa. Hati tunaibadilisha iwe hisa, hilo halingojei nyumba ya mtu, atatuma hati ya uwakala kupitia ubalozi. Na atatuma malipo yake kwa jina lake moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, zamani alikuwa atuma kwangu kwa simu mie ndio naingiza, kwa hiyo kwa benki ilionekana kama nalipa yote mie, hata ile hisani ya kuhesabiwa nusu nisingeipata.

Kiembeni nimemwambia mwenye nyumba ukweli, kwamba mwezi ujao hatuwezi. Amesema atamuuzia mwingine akitokea. Imeniuma, mtoto wangu mkubwa alikuwa ashachagua chumba. Mume wangu anaenda ofisi ya pensheni kazini kwao Jumatatu kuuliza ile 40% na mie naenda kuuliza hiyo ya KMRC kwenye sacco yetu, tutatafuta nyumba ya bei isiyozidi 5.3.

Wakili, nikuulize, hiyo hati ya uwakala iseme kazi moja tu ya kubadilisha umiliki ama niiandike iwe ya mambo yote?

Wakili_wa_Pwani

Kazi moja tu, itajeni nambari ya hati na kitendo chenyewe. Ya mambo yote inakupa uwezo wa kuuza na kuweka rehani kwa jina lake, na hata kama anakuamini kwa macho yaliyofungwa benki ikiiona siku nyingine inaweza kukushawishi uitumie. Mpelekee rasimu aisome kwanza kabla hajaenda ubalozini, na aende na pasipoti na kitambulisho chake cha asili.

Nakala ya hati usiirudishe kwenye sanduku la mama. Piga nyingine mbili, moja umtumie kakako.

Binti_Kisauni

Sawa wakili, nimeshampigia picha kurasa zote nimemtumia. Amejibu saa kumi alfajiri kabla ya zamu, ameandika tu "nimesoma yote, mwambie mama asiwe na wasiwasi".

Mama hakuwa hata ajua kuna la kuwa na wasiwasi. Nitakwenda Bamburi Ijumaa baada ya sala nimueleze mwenyewe, pole pole.